Usikubali Kupewa Utangulizi

Wa huku Ulaya poleni na baridi; wa Muscat na Dubai najua mnatucheka.

Mwezi huu meseji nyingi zilizonifikia ni za wanafunzi, na moja imenikaa kichwani. Ni ya binti anayesoma uuguzi hapa Uingereza, mwaka wa pili. Wamepangwa kikundi cha watu 5, wamepewa makala moja ya jarida la kitaaluma, na baada ya wiki mbili watasimama mbele ya darasa waiwasilishe kwa dakika 20, kisha waongoze mjadala. Wenzake wameshagawana. Mmoja kachukua mbinu za utafiti, mmoja matokeo, mmoja udhaifu wa makala, mmoja hitimisho. Yeye wamempa utangulizi, pamoja na kazi ya kupamba slaidi. Anauliza: "Dada, nishukuru tu? Maana Kiingereza changu wanakijua kilivyo, na utangulizi ni rahisi."

Usishukuru, mdogo wangu. Wala usiwakasirikie, pengine wamedhani wanakuonea huruma. Lakini utangulizi ni sehemu ambayo hakuna atakayekuuliza swali. Utasoma maneno yako ya dakika 3, utakaa, na mjadala wote utapita juu ya kichwa chako kama ndege inayokwenda Nairobi. Mwalimu akijaza alama atakumbuka rangi za slaidi. Na siku ukiwa wodini, mtu akikutolea utafiti wa mwaka jana kukuambia kidonda kile kifungwe hivi na si vile, hutakuwa na la kumwuliza.

Kwanza tuelewane kazi hii inataka nini. Sisi tuliopitia vyuo vya nyumbani tulizoea utaratibu mwingine. Mkufunzi ameandika ubaoni, tumenakili, tumerithi madesa ya waliotutangulia, tumekariri, tumefaulu. Sisemi kwa dharau. Dozi nilizokariri Tanga hadi leo zinanisaidia saa tisa za usiku wakati kichwa kimechoka. Ila huku ukipewa makala ya kuwasilisha, hakuna anayetaka uisimulie. Darasa zima wanayo, wameipakua kutoka maktaba. Wanataka kuona umeipekua. Waandishi walijuaje hayo wanayodai? Walipima watu gani, kwa kipimo gani, na nani aliachwa nje?

Kwa wengi wetu hapo ndipo pagumu, kuliko hata Kiingereza. Mtu ni profesa, jarida linaheshimika dunia nzima, mimi wa juzi nimkosoe? Tumelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi hadharani. Na mhadhiri mwenyewe anataka umwite kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo mimi lilinichukua mwaka mzima kulizoea. Lakini fikiria hivi: mtafiti aliyekaa miaka minne na kazi yake, kisha akakutana na mtu aliyeisoma hadi maandishi madogo chini ya jedwali la mwisho, akamwuliza kwa nini hospitali fulani ziliondolewa. Huyo atafurahi kuliko aliyemsifu kwa kusoma ikisiri tu.

Mtindo huu wenyewe si mgeni katika fani yetu. Mwaka 1875 William Osler, daktari kijana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, alianzisha kikundi cha kusoma majarida ya tiba, na sababu mojawapo ilikuwa bei. Majarida yalikuwa ghali, mtu mmoja hayawezi, wakachanga. Nikisoma habari hiyo nawaona wazee wetu barazani, gazeti moja watu saba, mmoja anasoma kwa sauti na sita wanambishia.

Sasa turudi kwenye hicho kikundi cha watu watano. Kosa linaloharibu mawasilisho mengi hufanyika dakika 10 za mwanzo, pale makala inapokatwa vipande kama keki ya harusi kabla ya mtu yeyote kuisoma. Aliyepewa mbinu anasoma mbinu tu. Aliyepewa hitimisho anasoma ukurasa wa mwisho. Siku ya siku mnasimama watu watano ambao kila mmoja anajua sehemu moja ya tano, na swali la kwanza linalogusa sehemu mbili linawaangusha wote. Tunapenda kusema umoja ni nguvu, na ni kweli, lakini kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliyewapa watu kamba wavute akapima. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, watu 8 wakivuta pamoja, nguvu ya kila mmoja ilishuka hadi kama nusu ya ile anayotoa akiwa peke yake. Sehemu ya sababu ni kutokwenda sawa, mmoja anavuta mwingine anapumua. Sehemu nyingine ni ile mnayoijua wote.

Kwa hiyo pendekeza hivi, na pendekeza mapema, hata kwenye kundi la WhatsApp kabla hamjaonana: mkutano wa kwanza kila mtu awe ameisoma makala yote, na kila mmoja aieleze kwa dakika 2 bila kutazama karatasi. Basi. Msigawane chochote kabla ya hapo. Utashangaa. Watu watano watasimulia makala tatu tofauti, na pale wanapotofautiana ndipo penye kazi ya kufanya.

Nichukue mfano wa makala ninayoijua vizuri, kwa sababu kikundi chetu kilipewa hiyo nilipokuwa nasoma shahada, na kwa sababu ilinigusa penye kidonda.

Ilitoka kwenye The Lancet mwaka 2014. Mwandishi wa kwanza ni Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na watafiti wenzake wa Ulaya. Walitaka kujua kama idadi ya wauguzi na elimu yao vina uhusiano na vifo vya wagonjwa waliopasuliwa. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa 422,730 katika hospitali 300 za nchi 9: Ubelgiji, Uingereza, Ufini, Ayalandi, Uholanzi, Norwe, Hispania, Uswidi na Uswisi. Wakawauliza pia wauguzi 26,516 kwa dodoso. Walichokipata ni mambo mawili. Kila muuguzi anapoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa unapanda kwa asilimia 7. Na kila asilimia ya wauguzi wenye shahada inapoongezeka kwa 10, uwezekano huo unashuka kwa asilimia 7.

Somo lile tulichanganywa: sisi tuliokuwa tunapandisha stashahada zetu kuwa shahada, na vijana waliotoka sekondari. Uingereza tangu 2013 muuguzi anayeanza masomo anaanzia shahada moja kwa moja. Katika kikundi chetu mwenye stashahada nilikuwa mimi peke yangu. Nikasoma ile sentensi ya pili jikoni kwangu, chai ikapoa. Stashahada ile mama aliuza ng'ombe wawili nikaipata. Nimeshika nayo mikono ya watu wakati wanakata roho, na Baraza la Wauguzi la huku liliikubali nilipojisajili. Leo makala inaniambia kwamba wapo wagonjwa ambao pengine wasingekufa kama wauguzi wa aina yangu wangekuwa wachache?

Hapo kuna njia mbili za mkato na zote ni mbaya. Moja ni kuimeza makala nzima nzima kwa kuwa imeandikwa na wakubwa. Ya pili ni kuitema nzima nzima kwa kuwa inauma. Kikundi kizuri kinakaa katikati na kuanza kutafuna.

Tulitafuna hivi. Kwanza tarakimu. Asilimia 7 ya nini? Ukilisikia harakaharaka utadhani katika kila wagonjwa 100 wanakufa 7 zaidi. Sivyo. Chukua mfano wa kubuni: wagonjwa 10,000, na kwa kawaida wanafariki 100. Kupanda kwa asilimia 7 kunawafanya kuwa kama 107. Hao 7 ni watu, wana mama zao, siwadharau. Lakini si 700. Ukiweza kulieleza hili mbele ya darasa kwa mfano mmoja wa namna hii, umeshafanya kazi kubwa kuliko slaidi 6 za maneno. Kwenye makala yenyewe namba imeandikwa 1.068, na kando yake 1.031 hadi 1.106. Namba hizo mbili za kando zinaonyesha upana wa makadirio. Moja kamili maana yake hakuna tofauti. Kwa kuwa upana wote uko juu ya moja, waandishi wana haki ya kusema si bahati nasibu tu. Ya elimu ni 0.929, kati ya 0.886 na 0.973, yote chini ya moja. Mwanafunzi akilijua hilo moja tu kuhusu majedwali, majedwali hayamtishi tena.

Pili, walifanyaje? Hakuna aliyewagawa wagonjwa kwa kura, hawa watunzwe na wenye shahada na wale na wenye stashahada. Watafiti walitazama hospitali zilivyo. Hospitali yenye wauguzi wengi wenye shahada inaweza kuwa pia ndiyo yenye vifaa bora na madaktari wengi. Waandishi wanalijua hilo, wakajitahidi kulisawazisha kwa hesabu: umri wa mgonjwa, magonjwa mengine aliyonayo, aina ya upasuaji, ukubwa wa hospitali, kama ni ya kufundishia, teknolojia iliyopo. Lakini kuna mambo hayapimiki kwa dodoso, na hapo ndipo darasa linapotakiwa kubishana.

Tatu, na hili kwangu ndilo lilikuwa kubwa: kilichopimwa ni hospitali. Kumbukumbu zao hazisemi mgonjwa fulani alihudumiwa na muuguzi gani. Zinasema hospitali hii ina asilimia fulani ya wenye shahada, na vifo vyake ni hivi.

Tulipomaliza kikao kile mimi niliomba matokeo. Walishangaa kidogo, maana ndiyo sehemu yenye namba. Niliwaambia nazitaka namba kwa sababu namba hazina lafudhi. Mbili ni mbili hata ukiisema kwa sauti ya Pangani.

Sasa nitawapa siri ya maandalizi ambayo hutaikuta kwenye mwongozo wa chuo. Mpigie simu mtu wa nyumbani, umweleze makala kwa Kiswahili. Mimi nilimpigia mama. Elimu yake ni ya darasa la saba, lakini kwa kuuliza hana mfano. Nilipomaliza aliniuliza: "Sasa hao wagonjwa walikuwa wanaumwa nini?" Swali la maana kabisa. Wagonjwa walikuwa wa miaka 50 na kuendelea, waliofanyiwa upasuaji wa kawaida, wa jumla, wa mifupa au wa mishipa ya damu. Hawamo watoto, hawamo wazazi waliojifungua. Kisha akauliza: "Na hospitali za kwetu zimo?" Hazimo, nchi zote 9 ni za Ulaya. Kwa hiyo ukitaka kuyapeleka matokeo haya Tanga au Mombasa, lazima ueleze kwa nini unadhani yatafaa huko. Halafu akauliza nani aliyelipia kazi kubwa namna hiyo. Nikasema Umoja wa Ulaya, na taasisi za afya za serikali ya Marekani pia. Akasema haya.

Yaani maswali ambayo mhadhiri anayaita kwa majina marefu, mama aliyauliza yote matatu huku anachambua mchele. Faida nyingine ya kueleza kwa Kiswahili ni kwamba huwezi kujificha nyuma ya neno. Kwa Kiingereza unaweza kutamka msamiati wa takwimu bila kuuelewa na darasa likatikisa kichwa. Kwa Kiswahili itabidi ufafanue, na ukishindwa kufafanua, unajua wapi pa kurudi kusoma. Nasikia baadhi yenu siku hizi mnaipa programu ya akili mnemba makala yote iwafupishie. Itawafupishia, tena vizuri. Lakini aliyeelewa itakuwa ni programu, na siku ya maswali haiitwi mbele.

Jambo la uzoefu nalo lina mtego wake. Sisi tuliofanya kazi kabla ya kusoma tunapenda kusimulia. Nimewahi kuwa zamu ya usiku wauguzi wawili, wagonjwa zaidi ya arobaini, wengine chini. Nikiisikia makala inazungumzia mgonjwa mmoja wa ziada nacheka peke yangu. Lakini simulizi hilo haliwezi kuwa ushahidi wa kuipinga wala kuiunga mkono takwimu ya wagonjwa laki nne. Linaweza kuwa swali. Mfano: katika makala hiyo hiyo waandishi wanalinganisha hospitali ambako asilimia 60 ya wauguzi wana shahada na kila muuguzi ana wastani wa wagonjwa 6, na hospitali ambako ni asilimia 30 na wagonjwa 8. Vifo kwenye zile za kwanza vingekuwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Mtu aliyetoka wodi kama ile yangu anaweza kuuliza: je, uhusiano huu unaendelea hivyo hivyo ukifika wagonjwa 20 kwa muuguzi mmoja, au kuna mahali ambapo shahada haina tena la kufanya kwa sababu mikono ni miwili tu? Swali hilo kijana aliyetoka sekondari hawezi kulifikiria. Ni lako. Lilete.

Siku yenyewe lilikuja swali nililolijua litakuja. Kijana mmoja kutoka kikundi kingine, si kwa ubaya, aliuliza: kwa hiyo wauguzi wa stashahada ni hatari? Darasa likanitazama, maana walijua. Nilijibu kwamba makala inalinganisha hospitali, haikumfuata muuguzi hata mmoja hadi kitandani, kwa hiyo haina la kusema juu yangu wala juu yake. Kisha nikaongeza, na hili nililiandaa usiku uliotangulia, kwamba siwezi pia kuitupa, kwa sababu si ya kwanza. Aiken na wenzake walichapisha utafiti mwingine mwaka 2003, wa hospitali 168 za Pennsylvania, na huko pia hospitali zilizokuwa na asilimia 10 zaidi ya wauguzi wenye shahada zilikuwa na vifo pungufu, kwa asilimia 5. Bara jingine, miaka kumi na moja nyuma, mwelekeo ule ule. Nikasema ndiyo maana nimekaa hapa darasani nikiwa na umri huu.

Sikuumia kama nilivyotarajia. Ukishaijua makala hadi mifupani, inakuwa kama mgonjwa mgumu ambaye umeshajua faili lake.

Tuje kwenye mambo madogo ya kikundi, ambayo ndiyo yanayowagombanisha. Mtu anayepotea yupo kila kikundi. Kabla hamjampeleka kwa mhadhiri, mmoja wenu ampigie simu peke yake, si kwenye kundi mbele za watu. Mara nyingi utakuta anafanya zamu za usiku nyumba ya wazee ili alipe ada, au mtoto anaumwa. Mpeni kazi yenye tarehe, iandikwe. Akipotea tena, hapo mhadhiri aambiwe, na maandishi yawepo. Sisi tuna tabia ya kumbeba mtu kwa kuona haya, kisha tunamsema miaka miwili. Vyuo vingi huku vinawapa nafasi ya kupimana wenyewe kwa wenyewe mwisho wa kazi. Usimpe mtu alama za undugu.

Slaidi ziwe chache. Kwa dakika 20, zikizidi 12 mnajitafutia taabu. Jedwali la makala msilipige picha mkalibandika zima na herufi za sisimizi. Chukueni mistari miwili mnayoizungumzia. Na msinakili sentensi za waandishi mkazifanya zenu, hata kwenye slaidi. Nyumbani wengine waliita hiyo kujua kitu kwa usahihi. Huku ni wizi, na mtu amerudishwa mwaka.

Kuhusu kuongea. Anayezungumza lugha ya tatu asijipime na aliyezaliwa nayo. Dakika 3 kwa mwendo wa utulivu ni kama maneno 350 hadi 400, si zaidi. Ukiandika 600 utakimbia, na ukikimbia lafudhi ndiyo inayomeza maneno. Andika sentensi ya kwanza na ya mwisho uzijue kwa moyo, katikati uwe na namba na vidokezo. Majina ya waandishi yatafute jinsi yanavyotamkwa mapema, maana hapo ndipo watu wanapojikwaa na kupoteza ujasiri wote. Na fanyeni jaribio moja kamili mkiwa mmesimama, mmoja ameshika saa. Kikundi kinachojaribu kwa kusomeana slaidi kwenye WhatsApp hakijajaribu kitu.

Mjadala ukianza, usiogope kimya. Ukiuliza swali darasa likanyamaza, hesabu hadi nane moyoni. Sisi tunaharakisha kujijibu kwa sababu kimya cha watu wazima kinatutia wasiwasi, tunadhani tumewaudhi. Wanafikiri tu. Swali lenu liwe la kubishaniwa: "Ungekuwa matroni wa hospitali hii, na fedha zinatosha kitu kimoja tu, ungeongeza wauguzi au ungewasomesha ulionao?" Hilo linaamsha hata waliolala. "Mna maoni gani juu ya makala?" halimwamshi mtu.

Na ukiulizwa usilolijua, fungua makala yenyewe, iwe mezani, imechorwachorwa kwa kalamu. Sema waandishi hawakulisema hilo, au walilisema kwa kifupi ukurasa fulani, na kwamba ungependa kujua mwulizaji ana mawazo gani. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kubuni jibu, na katika fani yetu kubuni jibu tunaijua inakoishia.

Wazazi mnaosoma ukurasa huu, neno moja kwenu. Mama mmoja wa Muscat ameniandikia kwamba kijana wake yuko Cardiff, akimpigia Jumapili anasema yuko na "kikundi," na anashuku kikundi gani hicho kisichokwisha. Mama, kipo. Ni watu wanne wasiopatana ratiba, mmoja yuko kazini hadi jioni, mwingine amesahau. Ukitaka kumsaidia, akishika simu mwambie akueleze hiyo makala inahusu nini, kwa Kiswahili, hata kama ni ya uhandisi wa madaraja. Muulize nani alipima, na kama madaraja ya kwetu yamo.

Kwa yule binti: muda bado upo. Andika leo kwenye kundi lenu, kwa upole, kwamba umeisoma makala yote na ungependa kubadilishana, uchukue matokeo au udhaifu, na kwamba slaidi utasaidia kuzipamba pamoja na mwenzako mmoja. Usiombe radhi katika meseji hiyo. Wakikataa, omba mgawane matokeo nusu kwa nusu. Majedwali ni mengi, yatawatosha.

Mwezi ujao nitawajibu mlioniuliza kuhusu mtihani wa vitendo wa usajili wa wauguzi. Ni wengi, kwa hiyo vuteni subira.